Rangi ya Ukindu

Nassibu Hija wa Yombo alikuwa na mikono mizuri, na mikono hiyo ndiyo iliyomponza. Sisemi mizuri ya kutazama. Vidole vilikuwa vinene, na kucha zilichakazwa na sindano ya kushonea magodoro. Uzuri wake ulikuwa katika kufunga. Afunge mzigo, afunge boriti, afunge kidonda, alichokifunga Nassibu hakikulegea mpaka akifungue mwenyewe. Vitani Bama, alikokwenda na keya, jeshi la Waingereza, kubeba machela, aliwafunga watu waliopasuliwa na mabomu. Wengine wakapona, wengine wakafa wakiwa wamefungwa vizuri. Vita vilipokwisha akarudi kwao na kofia ya jeshi, blanketi na mikono yake, akamshukuru Mungu kwa vyote.

Kazi aliipata Kariakoo, kwenye duka la magodoro. Kutwa alishindilia sufi, sufi ikimwingia puani na masikioni, na alasiri hupanda baiskeli yake kurudi nyumbani, Keko, Chang'ombe, Temeke, mpaka kwenye mikorosho ya kwao. Siku hizo Yombo ilikuwa shamba hasa. Mkewe, Tunu, alikuwa msuka mikeka aliyejulikana mpaka Mbagala, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mungu hakuwajaalia mtoto. Mtoto wao alikuwa Jabiri, mwana wa Mwajabu, dada yake Nassibu, na katika ukoo wao mjomba hakuwa mtu wa kuletewa salamu tu. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Jabiri akiumwa, mjomba aliitwa kabla ya mganga.

Basi akaja Mwalimu Revelian. Alikuwa Mhaya, kijana, mpole, mwenye kuvaa soksi ndefu hata siku ya jua kali, aliyeletwa kufundisha katika shule moja ya upande wa Temeke. Huko alikosoma alikuwa ameingia uskauti, na uskauti ulikuwa umemkaa moyoni kuliko kitu chochote. Huku pwani hakuwa na mke wala ndugu. Alikuwa na filimbi. Akaunda kundi la skauti la wanafunzi wake, na alipotafuta mtu mzima wa kumsaidia, Jabiri, aliyekuwa mmoja wao, akamtaja mjomba wake aliyefunga watu Bama.

Nassibu alikwenda siku ya kwanza kutazama tu, akarudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Tangu vita hakuna mtu aliyekuwa ameiulizia ile mikono. Sasa vijana walikaa duara wakamtazama akifunga fundo la kamba, wakamwomba arudie. Akawafundisha machela ya fito na mashati, akawafundisha kufunga mguu uliovunjika na taya lililoteguka. Kaptura ya kaki akashona mwenyewe, na skafu akaipiga pasi ya mkaa. Mtu mzima, mwenye ndevu! Tunu alipomwona amevaa alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hebu utazame uskauti huo kwa macho ya mtu wa Yombo, usiutazame kwa yako wewe uliyekwisha elezwa. Watu waliovaa nguo za kaki wanakusanya watoto wa watu na kuwaingiza porini. Porini watoto wa kiume hupelekwa kwa jambo moja tu, jando, na jando lina wenyewe. Huko wanawalisha kiapo, wameinua vidole vitatu. Wakirudi, njia zote zimebaki na alama: mawe yaliyopangwa, vijiti vilivyokingamana, nyasi zilizofungwa fundo. Mwalimu alisema ni alama za kufuatana. Ajabu ya Mwalimu! Nyasi zikifungwa fundo njiani, mtu mwenye akili zake huzizunguka, hazivuki, maana aliyefunga ana lake. Wanawake wa Yombo wakaanza kuzunguka mbali kwenda kisimani, na ndoo kichwani, kwa ajili ya mchezo wa watoto.

Halafu lile la kushikana mikono. Skauti hupeana mkono wa kushoto.

"Kwa nini wa kushoto, mume wangu?" Tunu aliuliza.

"Ndiyo desturi yao. Kushoto ndiko uliko moyo."

"Kushoto ndiko tunakochambia," akasema Tunu. "Yombo nzima wanajua hivyo, ila nyie."

Nassibu akacheka. Yeye alikuwa mtu wa kucheka, kinywa wazi, meno yote nje, na watu walimpenda kwa hilo.

Kiangazi cha mwaka ule habari za mumiani zikaingia. Kwa asiyejua, mumiani ni watu wanaosemwa kuwa huwinda wenzao, wakawanyonya damu, damu ikatiwa chupani ikapelekwa kutengenezwa dawa. Husemwa huvaa sare. Husemwa wana gari jekundu. Nani aliyewaona? Hakuna, lakini kila mtu alikuwa na shemeji wa jirani yake aliyewaona. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jua lilipozama milango ilifungwa, na hata ngoma za harusi zikahamishiwa mchana.

Na safari hii habari ilikuwa na jina la mtu. Marijani, kijana mchoma mkaa wa Vingunguti, alikwenda mjini na mzigo wake wa mkaa asirudi. Mama yake, Bi Tabu, alimtafuta mpaka viatu vikaisha. Akawa anapita njia zote za Vingunguti na Yombo, hana kanga ya pili mabegani, anamtazama kila mtu usoni kama anayesoma. Siku moja akakutana na Nassibu anashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mama. Atarudi, inshallah."

"Marahaba," akasema Bi Tabu, lakini hakumtazama usoni. Aliitazama ile kaptura ya kaki mpaka Nassibu akapita.

Nassibu hakuwa mpumbavu. Aliliona lile jicho, akaenda kwa Mwalimu akamwambia heri tupumzike kwanza, watu wamechafukwa na nyoyo. Mwalimu akasikiliza kwa heshima zake zote. Mashindano ya huduma ya kwanza yalikuwa karibu, Mnazi Mmoja, mbele ya mabwana wakubwa, na makundi ya mjini yalikuwa yakilicheka kundi la mikorosho.

"Sisi ni watu tuliofunguka macho, Bwana Nassibu," akasema. "Tukiukimbia uvumi sisi, ataukabili nani?"

Nassibu hakuwa amewahi kuitwa aliyefunguka macho, na neno lile likamlevya kidogo. Badala ya kuzuia akaongeza. Huko Bama alikuwa ameona vijana waliofundishwa kufunga vidonda wakiganda kama mawe siku ya kwanza ya kuona damu yenyewe. Akasema skauti wake hawataganda. Akaenda jikoni kwa mkewe.

Tunu siku hiyo alikuwa akichemsha ukindu. Rangi nyekundu ilikuwa ikitokota sufuriani, ile rangi ya unga ya dukani ambayo wasukaji wote wa pwani huitumia kwa mistari ya mikeka. Nassibu akateka kiasi, akakoroga ndani yake wanga wa muhogo mpaka ikawa nzito, ikiteremka taratibu ubavuni mwa kikombe. Akatia chupani, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ile ile aliyoiona vitani.

"Mwaka huu, Nassibu?" Tunu akasema. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi. "Na maneno haya yote?"

"Ni rangi ya mikeka, Tunu. Nani Yombo asiyeijua rangi ya mikeka?"

"Kwenye mkeka wanaijua."

Nassibu akaiziba chupa kwa gunzi. Ningekuwepo ningemzuia, lakini wanaume wa namna ya Nassibu hawazuiliki wakiwa na furaha.

Mchezo ulikuwa na amri yake, na amri aliitunga Nassibu mwenyewe. Majeruhi akishalala, amekwisha kuwa majeruhi. Anafumba macho. Hasemi, hajitikisi, hata siafu wampande, mpaka asikie filimbi ndefu. Mmoja akicheka kundi zima linapoteza. Watoto wengi walishindwa. Mmoja huchungulia, mwingine hujikuna. Jabiri tu ndiye aliyeweza. Jabiri alilala kama maiti, na mjomba alimsifia mbele ya wenzake, akisema samaki mkunje angali mbichi, tazameni huyu alivyokunjika.

Ilikuwa Jumamosi, jua limekaza, katika mikorosho ya mbele ya Yombo, upande wa Vingunguti. Nassibu aliondoka na nusu ya vijana kwenda bondeni kukata fito za machela. Mwalimu Revelian akabaki na wengine, na chupa akabaki nayo yeye. Jabiri akalala chali, akafumba macho. Mwalimu akamwagia ile rangi kwenye paja na shingo, akamfunga taya na skafu kwa mtindo wa taya lililoteguka, kitambaa kimepita chini ya kidevu na juu ya utosi kama wanavyofungwa wale wasioamka tena. Kisha akarudi nyuma, chupa mkononi, kuitazama kazi yake.

Bi Tabu alikuwa akiokota kuni.

Nassibu alilisikia yowe akiwa bondeni. Mtu aliyekulia Yombo huyajua mayowe, la moto, la nyoka, la msiba. Hili lilikuwa la mtu anayewindwa, na lilipokelewa mara moja, nyumba kwa nyumba, likaenda likizidi kupanuka mpaka upande wa Vingunguti nao ukaitikia. Panga lilimponyoka. Akaanza kupanda mlima mbio, na njiani akakutana na vijana wake wanateremka bila kofia, wanalia. "Wanamuua Mwalimu!" Wakampita, hakuna aliyesimama.

Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani Yombo ina watu. Walikuwa na mapanga, majembe, wanawake wana michi. Mwalimu Revelian alikuwa amekalishwa chini, shati limechanika mpaka kiunoni, sikio moja linavuja damu. Filimbi yake ilikuwa imeng'olewa shingoni na kutupwa majanini. Alikuwa akisema kitu, lakini kwa woga Kiswahili kilikuwa kimemtoka, akawa anasema Kihaya, na kila neno la Kihaya lilizidi kumchimbia kaburi. Nyuma yake alisimama kijana mmoja ameinua panga. Hakulishusha. Alikuwa anangoja mtu mmoja aseme neno.

Na Jabiri alikuwa amelala pale pale. Mama yake, Mwajabu, alikuwa amepiga magoti, anampigapiga mashavu, anamwita. "Jabiri! Jabiri mwanangu! Niitikie mama yako!" Jabiri hakuitika. Huenda ilikuwa amri, huenda ilikuwa hofu, maana hofu nayo hugandisha. Macho yamefumbwa, taya limefungwa, paja jekundu.

Nassibu akajua palepale kilichokuwa mbele yake. Lile panga likishuka, Mwalimu amekufa, mtu ambaye hakuwa amemdhuru hata kuku wa mtu. Na kesho askari wataijaza Yombo, na hawa aliozaliwa nao watapelekwa kunyongwa mmoja mmoja. Na aliyekoroga ile chupa ni yeye.

"Jamani!" akapiga kelele, akajisukuma katikati. "Jamani, ni mie Nassibu! Ni mchezo huu!"

"Mchezo wa damu?" mtu akauliza.

"Mtoto mzima huyu! Nitamwamsha sasa hivi!" Akapapasa majanini kama kipofu, akaipata filimbi, akaipuliza ndefu.

Jabiri akafumbua macho. Akainuka wima, mara moja, taya limefungwa, rangi inamteremka mguuni, akapiga saluti ya vidole vitatu.

Nassibu alitegemea kicheko. Kilichotoka kwenye umati kilikuwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, watu wote wamevuta pumzi pamoja, wakarudi nyuma hatua. Mwajabu alikuwa bado amepiga magoti, mikono hewani pale ulipokuwa uso wa mwanawe.

"Mama yake kamlilia hakuitika," alisema mwanamke mmoja polepole. "Kaitwa kwa filimbi kaitika."

"Wameshamfanya msukule!"

Panga likapanda juu zaidi. Nassibu akaruka, akaikwapua chupa, ambayo Bi Tabu alikuwa amemnyang'anya Mwalimu. "Rangi!" akasema. "Rangi ya mikeka! Tunu kachemsha jikoni kwangu! Nyie wanawake si ndio mnaoijua? Tazameni!" Akaimimina kiganjani akauinua mkono wote waone.

Ule wanga ulikuwa umekwisha kaa juani. Rangi ilianguka kiganjani kwa mabonge, ikatetemeka, ikabaki.

Bi Tabu akasogea. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa baya. Akainama juu ya kile kiganja akatazama vizuri, mama mtafuta mwanawe. "Nasuka mikeka tangu sijavunja ungo," akasema. "Rangi haigandi, Nassibu."

Eleza basi habari ya wanga wa muhogo, hapo, mbele ya panga. Nassibu akabaki na wazo moja, na lilimjia likiwa jema kabisa, jeupe kabisa: hakuna mwanadamu anayeweza kunywa damu mbele za watu. Nikinywa, wataona si damu.

Akaiweka chupa mdomoni, akanywa.

Alikunywa kwa mafunda makubwa, kichwa nyuma, ili kila mtu aone koo lake linavyopanda na kushuka. Mabonge yalimpita kooni moja baada ya jingine. Nyingine ilimchuruzika kidevuni ikaingia kwenye skafu aliyoipiga pasi asubuhi. Alipomaliza akaigeuza chupa chini juu, akaonyesha kuwa imekwisha, akawatabasamia jamaa zake wote.

Panga likashuka lenyewe, ubavuni mwa yule kijana. Mtu akatapika. Watu wakaanza kurudi nyuma, kwanza wale wa mbele, wakiwakanyaga wa nyuma, na waliomshika Mwalimu wakamwachia bila kujua kuwa wamemwachia. Mwalimu Revelian akasimama, akaanza kutembea, kisha kukimbia, kuelekea Temeke, na hakuna aliyemfuata. Wote walikuwa wakimtazama Nassibu.

Na Nassibu, masikini, akadhani ameshinda. Alikuwa bado anatabasamu alipogeuka kumtafuta dada yake. Mwajabu alikuwa amemvuta Jabiri nyuma ya mgongo wake, amemfunika na kanga, anamtazama mdogo wake aliyemlea mgongoni. Alitazama meno yake. Ndipo Nassibu alipofumba kinywa.

Tunu alimsugua meno kwa mkaa na chumvi mpaka fizi zikachubuka. Rangi ya ukindu haitoki hivyo. Mkeka huchakaa na mstari wake. Tumbo lilimsokota siku nyingi, midomo ikabaki na wekundu, na tangu hapo akawa akitaka kucheka huinua mkono akaziba mdomo, hata wekundu ulipokwisha. Tunu akabeba sufuria lake na pakiti ya rangi akaenda mlango kwa mlango. Alichovya ukindu mbele yao, akakoroga wanga mbele yao, akawatukana na kuwabembeleza. Walimsikiliza kwa adabu. "Haya, Tunu. Tumeona," walisema, wakifunga mlango. Hawakumbishia, na asiyebishiwa atamshinda nani?

Jumbe wa Yombo alipiga marufuku mambo ya skauti upande ule wote. Mwalimu Revelian alipewa uhamisho wa kurudi kwao, na kabla ya kuondoka alimfuata Nassibu dukani Kariakoo. Alitaka kupeleka mashtaka kwa wakubwa. Nassibu akamsihi asifanye hivyo. Wale ni watu wake, watakwenda wapi? Mwalimu akalia, akampa mkono wa kushoto, wa kiskauti. Wateja wakageuka kutazama. Nassibu akaupokea, na hawakuonana tena.

Na Marijani? Marijani alirudi! Alikuja kabla mvua hazijaanza, amenenepa, ana blanketi jipya na mke wa Kiluguru. Alikuwa ameyafuata mashamba ya mkonge huko Morogoro bila kumuaga mama yake, kwa kuwa angemkataza. Nassibu aliposikia vigelegele vya Bi Tabu alikaa mlangoni akangoja, maana alijua sasa watakuja, hata mmoja, kumwambia pole tulikosea. Lakini Vingunguti walikwisha kupata maelezo. Walisema mumiani wamemwachia Marijani kwa woga, baada ya mwenzao kuumbuliwa mbele za watu akinywa.

Mwenye kumpenda alimwambia ahame. "Mie nihame, nimekula cha nani?" alijibu, na hakuona alichokisema mpaka Tunu alipomtazama. Alibaki. Majirani walisema ni maneno tu, yatapita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Mikeka ya Tunu yenye mstari mwekundu ikakosa wa kuilalia, akawa anasuka ya kijani na ya zambarau. Watoto walipolia jioni waliambiwa nyamaza, Nassibu atasikia. Wakati mmoja mtoto wa jirani alijikata jembe mguuni, damu ikaruka, na Nassibu alikuwa hatua chache tu, skafu yake ya zamani mfukoni. Alifika wa kwanza. Mama wa mtoto alipoona ni yeye alimbeba mwanawe mbio, damu ikichora njia yote mpaka zahanati ya Temeke, na yule mtoto alibaki na mguu mmoja. Nassibu alirudi nyumbani akaitazama mikono yake kutwa nzima.

Hakumlalamikia Mungu. Alikuwa na kitu kimoja anachokingoja, naye aliona kinatosha. Jabiri. Mwajabu alikuwa amemzuia asifike kwa mjomba wake, lakini mtoto hukua. Jabiri alikuwa pale. Jabiri alikuwa na ile rangi kwenye paja lake mwenyewe. Siku akiwa mtu mzima, mwenye mji wake, atasimama aseme, na neno lake halitakuwa na mpinzani. Nassibu alilisema hili kwa Tunu mara nyingi sana, na Tunu, ambaye hakushindwa na neno, hapo aliinamia ukindu wake akasuka.

Miaka ikapita. Vijana wa Yombo wakawa na kadi za chama, wakawa wanazungumza uhuru. Jabiri akapata kazi ya udereva mjini, akaoa, akazaa mtoto wa kiume. Sasa katika ukoo wao, mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje, na mjomba wa baba ndiye anayempakata kwanza, mlangoni, kabla jua halijapanda. Nassibu alishona kigodoro kidogo kwa sufi safi aliyoichambua mbegu moja moja. Alivaa kanzu mpya. Alikaa kwenye kibaraza chake tangu alfajiri, akingoja kuletewa mtoto, kigodoro magotini.

Jabiri alikuja jua limekwisha panda. Alikuja peke yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Mtoto yuko wapi?"

Jabiri alikaa kwenye ncha ya kibaraza, akaitazama njia. Alisema mtoto ametolewa tayari, ameshikwa na baba wa mkewe. Mkewe hakulala usiku kucha kwa kulia. Mjomba asione vibaya. Wanawake hawa, na maneno ya watu. Alisema yote hayo haraka, kama mtu anayeteremsha mzigo usio wake.

"Mkeo sina ugomvi naye," akasema Nassibu. "Hakuwepo. Wewe je, Jabiri? Wewe ulikuwepo. Wewe si unajua?"

Tunu alikuwa ametoka mlangoni, ukindu wa kijani mkononi, amesimama. Jabiri alikigusa kile kigodoro kwa ncha ya kidole. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye masharubu, na alikuwa karibu kulia.

"Mie nakupenda, mjomba," alisema mwisho. "Wallahi nakupenda. Lakini mlichonimwagia sikukiona. Nilifumba macho. Wewe mwenyewe uliniambia nifumbe."

Nassibu alitaka kucheka, kile kicheko chake cha zamani, amwambie mtoto huyu hebu acha utani. Akauinua mkono, akaziba mdomo.